Regensburg: watembezeni wageni mkianzia Neupfarrplatz

Meli kubwa za utalii zinazosafiri mto Danube hazipiti chini ya Daraja la Mawe la Regensburg, mji wa Ujerumani. Matao yake, yaliyojengwa kati ya 1135 na 1146, ni membamba, na maji hukimbia kwa nguvu kati ya nguzo. Basi tulitia nanga upande wa chini wa daraja, mimi na mama aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, tukapewa asubuhi moja ya kuuona mji ulioanza kama kambi ya askari wa Kirumi mwaka 179.

Asubuhi moja si haba, lakini inagawanywa vibaya. Kundi letu lilikaa sana mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, likapanga foleni ndefu ya soseji za kuchoma kando ya daraja, kisha likakatiza uwanja wa Neupfarrplatz kama wapita njia. Tuliambiwa maneno mawili matatu, haya twendeni.

Mimi na mama tulibaki.

Hapo palikuwa mtaa wa Wayahudi kwa karne nyingi. Januari 1519 Kaisari Maximilian wa Kwanza alifariki, wakabaki bila mlinzi. Mwezi uliofuata baraza la mji liliwafukuza, likabomoa sinagogi na nyumba zao. Mawe ya makaburi yao yaling'olewa, na baadhi yakapachikwa kwenye kuta za nyumba za mji kama nyara. Yapo mpaka leo. Kinachonichoma zaidi ni habari ya Albrecht Altdorfer, mchoraji hodari aliyekuwa mjumbe wa baraza hilohilo. Kabla sinagogi halijavunjwa alilichora mara mbili, ukumbi wa ndani na sehemu ya kuingilia. Mtu wa upande wa wabomoaji ndiye aliyetuachia sura ya jengo!

Miaka ya 1990 misingi yake ilifukuliwa. Tangu 2005 pana kazi ya Dani Karavan, msanii wa Israeli: saruji nyeupe iliyolazwa chini kwa kufuata ramani ya sinagogi, na vitako vya nguzo vimeinuka kidogo, kiasi cha mtu kukalia. Watoto wawili walikuwa wakiruka kutoka kitako hadi kitako. Mama alivua ndala kabla ya kukanyaga.

"Mwanangu, hawa walikuwa wakielekea wapi wakisali?"

"Mashariki, mama. Yerusalemu."

Nikamwambia kazi yenyewe inaitwa Misrach, ndiyo mashariki kwa Kiebrania. Akalitamka polepole, "Misrach, mashariki," akaketi, tasbihi mkononi.

Ndiyo maana nasema waongoza watalii waanzie hapa. Minara ya kanisa ina urefu wa mita 105, haihitaji mtu wa kukuonyesha. Uwanja huu mgeni asiposimamishwa na kuelezwa, ataona vitako vyeupe tu vya kupumzikia. Nusu saa ingetosha: uwanja wenyewe, michoro ya Altdorfer, jiwe moja la kaburi ukutani. Soseji zitangoja.

Tulifika gatini wa mwisho, mabaharia wakishika kamba tayari. Kanisa kuu mama hakuliona ndani, wala hakuliulizia. Aliuliza kama watu wale walipata pa kwenda.