Nilivyomuaga bosi kwa kumwita tapeli

Najua mshasikia toleo la yule mshikaji wa uhasibu, lile la mimi kubebwa msobemsobe na walinzi. Jamani, sikubebwa. Nilitoka kwa miguu yangu, tena na sahani ya pilau mkononi.

Bosi Mwingereza anaaga, ukumbi umefurika, na mshereheshaji ni nani? Msijibu. Nikataka sifa zimfikie kwa lugha yake mwenyewe. Kibindoni nilikuwa na msemo wa "lead someone up the garden path". Kuongoza, bustani, njia: tusi liko wapi hapo?

Nikampa diijei ishara azime muziki. Nikavuta maiki, kidevu juu. "Sir, for all these years..." Nikatua, maana MC anayejua kazi hutua. Mkewe akashika leso, machozi yako tayari. "...you have led us up the garden path!"

Nusu ya ukumbi ikapiga vigelegele. Nusu ya pili, ile iliyosoma nje, ikaganda. Kijiko cha bosi kikabaki hewani, mchuzi unadondokea tai: to, to, to. Mimi nikadhani ameguswa. Nikarudia! Kwa sauti! Diijei naye, Mungu amsamehe, akatia ngoma.

Ma-MC wenzangu, msemo huo maana yake ni kumwingiza mtu mjini. Anayeongoza ndiye tapeli, anayeongozwa ndiye boya, na uzuri wa njia ndio chambo: unapelekwa taratibu kwa maneno matamu, ukija kushtuka umeliwa. Ndiyo maana mara nyingi utausikia kwa aliyelizwa, "I was led up the garden path", akimlalamikia dalali au fundi. Wamarekani huweka "down" pale penye "up", kwa hiyo msije mkajitetea kwamba mlikosea kaneno kamoja. Huku na huku ni utapeli tu. Kiongozi anasifiwa kwa "led by example", yaani aliongoza kwa vitendo. Na "led us by the nose" msiiguse kabisa, hiyo ni kuburuzwa kama ng'ombe.

Bosi akacheka kibalozi, keki ikakatwa, tukatawanyika. Tatizo ni ile nyongeza ya mshahara tunayoahidiwa kila mwaka. Wenzangu wameapa kwamba nilimpasha makusudi. Madereva wananipigia saluti, mama wa jikoni kaniongezea nyama, na tangu asubuhi wananisukuma nigombee uwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Fomu wameshanijazia, imebaki sahihi.