Ndafu na Meza ya Mjomba

Yote yalianza na ahadi ya mchango.

Dada yangu alikuwa anamfanyia binti yake sendofu. Mjomba ni mtu wa kuheshimiwa mwaka mzima, ila kikao cha kamati kikifika anageuka benki. Katibu akasoma jina langu, akanyamaza, kalamu imening'inia juu ya daftari. Chumba kizima kikanigeukia. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasema, "Mimi ni fundi. Sitatoa hela, nitatoa meza. Meza ya kuwekea ndafu, ya mguu mmoja, ya kuchongwa kwa mkono, na sherehe ikiisha binti ataondoka nayo kwake."

Wakapiga makofi. Dada hakupiga. Dada ananijua.

Naomba nijitetee kidogo: mimi si kanjanja. Nina karakana yangu Majengo hapa Moshi, na vitanda vyangu vinalaliwa mpaka leo. Lakini ukitengeneza sita kwa sita miaka kumi mfululizo, unafika mahali unatamani sanaa. Siku hizo nilikuwa nimenogewa na picha za kwenye simu: meza za mbao zilizoingiwa na kuvu, zenye mistari myeusi myembamba inayopinda kama ramani, na katikati ya mistari mabaka meupe, ya kahawia, ya kijivu. Wazungu wanazilipia hela ndefu. Nikajiuliza, huku kwetu mbao za kuoza ndizo tunazokosa?

Dada ameolewa Kibosho. Nilipokwenda kumsalimia shemeji nikaliona gogo kwa jirani yake, limelala chini ya migomba karibu na mfongo, yaani mfereji wa maji, mparachichi mnene uliokatwa siku nyingi, umevaa uyoga ubavuni kama vifungo vya koti. Mwenyewe, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Meku. Hili gogo unaliuza?"

"Marahaba. Hilo limeoza, mwanangu."

"Ndiyo maana nalitaka."

Panga likasimama hewani. Akanitazama, akalitazama gogo, akanitazama tena. Akavua kofia, akajikuna. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine kabisa.

"Limeoza sana," akasema. "Hili si la kuoza juzi. Hili lina masika mawili."

Hapo ndipo nilipojua nimejichongea. Tangu nizaliwe sijawahi kupatana bei ya namna ile. Nikisema upande huu umelainika, bei inapanda. Nikisema humu mna wadudu, anasema wadudu hawaingii kwenye kitu kibaya. Asubuhi ile gogo lilikuwa kuni za elfu kumi. Saa saba mchana nililipa elfu sitini na gari la kubebea juu yangu. Nilipokuwa naondoka akanipigia kelele kwamba anao mwingine, ila bado haujaiva.

Lakini chenso ilipolipasua lile gogo, elfu sitini niliisahau. Jamani, kuvu ni wasanii. Na kumbe mistari ile myeusi ni mipaka. Gogo moja huvamiwa na kuvu wengi, kila mmoja anashika eneo lake, na wakikutana hawaelewani: kila mmoja anajijengea ukuta mweusi ili mwenzake asivuke. Yaani ni sisi watupu! Wachagga tunapanda masale, mimea ya mpakani, kugawa vihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, nao wanapanda masale yao ndani ya mparachichi. Na nyuma ya masale kila mmoja anakula kihamba chake taratibu, ndiyo maana mbao inapauka na kulainika.

Hilo la mwisho nililisoma. Nililielewa. Nikalipita.

Kuhusu kukausha nitasema kwa kifupi kwa sababu nilikausha kwa kifupi. Mbao ya unene wa inchi moja inataka karibu mwaka mzima kivulini. Kuvu nao hawalali mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20 hivi. Mimi nilikuwa na wiki saba na kipande cha mguu kinene kama mtungi wa gesi. Wiki ya tatu uyoga ukachomoza kwenye mguu wa meza, mweupe, umenyooka, hauna habari. Mke wangu akauchuma, akaniuliza kama unaliwa.

Kuchonga sasa, hapo nilistarehe. Vumbi la mbao ya kuvu si la kuchezea kifuani, kwa hiyo nilivaa barakoa niliyoiweka tangu enzi za korona, nikashika grainda, kisha patasi, kisha tupa. Nilitaka mguu ukae kama mwanamke aliyejifunga kanga: chini upana wa kutulia, katikati kiuno, juu unachanua kupokea uso wa meza. Kiuno nikakiweka pale mistari ilipokuwa mingi kuliko kwingine. Ilikuwa imesongamana hapo kama nyuzi za kikapu, na kila nilipopunguza ukajitokeza mwingine mzuri zaidi, nami nikapunguza kuufuata. Nilipokuja kushtuka, kiuno kilikuwa sentimita 11.

Kijana wangu wa karakana akaja, akabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama.

"Fundi, mbona kama mkate?"

"Ndiyo sanaa yenyewe hiyo."

Akanyamaza, ila niliona anauangalia ukucha wake.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda dukani nikanunua supagluu vichupa 14. Muuzaji akaniuliza kama nagundisha Kibo na Mawenzi. Nikaidondoshea mbao tone kwa tone, nayo inakunywa tu, inafuka moshi unaochoma macho, mpaka juu kukawa kugumu. Nikagonga: ko, ko, ko. Nikamwita kijana, "Sasa bonyeza." Ukucha haukuzama. Nikapiga msasa, nikapaka sila, nikapiga vanishi mikono minne. Gundi ilikuwa imeingia kina cha ganda la yai. Ndani mkate ulibaki mkate.

Uso wa meza ulikuwa duara la sentimita 80, nao, niseme ukweli wangu, ulikuwa haujapata kutokea Moshi. Ulipoingia ukumbini kinamama walitoa simu. Shemeji aliwaambia wageni kwamba mti umetoka Kibosho. Mshereheshaji akanitaka nisimame nionekane, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

Ndafu akaja. Asiyejua: ni mbuzi mzima wa kuchomwa, anasimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, na haingii kimyakimya, anaingia kwa muziki na watu wanamsindikiza wakicheza. Wakamtua katikati ya meza. Meza ikatulia. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Majengo.

Mguu mmoja hauna ugomvi na mzigo uliokaa katikati. Lakini mshereheshaji, Mungu amsamehe, akasema, "Hapana, hapana! Mbuzi amewapa mgongo wakwe zetu! Mgeuzeni awaangalie!" Vijana wawili wakamgeuza, na katika kumgeuza wakamsogeza mpaka ukingoni. Kisha mjomba wa upande wa pili, mtu wa kilo mia na ushee, akasimama kupiga picha, akaweka kiwiko.

Mbao nzima ikitaka kuvunjika inakuonya. Inalia, inapasuka nyuzi, unapata muda wa kukimbia. Hii haikusema kitu. Ilifanya *fup*, kama mtu aliyekalia mto, ikakatika kiunoni palepale, kavu, bila kijiti hata kimoja kubaki kimeshika. Uso wa meza ukainama kwa adabu, na ndafu akateleza na sinia lake, mbio, majani mdomoni, akatua kwenye mapaja ya mshenga wao. Yule mzee, kwa kushtuka, akamkumbatia.

DJ hakuzima muziki. Kwa sekunde tatu nne tuliwatazama, mshenga na mbuzi, shavu kwa shavu.

"Wakwe zetu," mshereheshaji akanguruma, "ndafu amejichagulia mwenyewe!" Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, watu wanapiga meza nyingine, zile za plastiki, ambazo hazikuvunjika hata moja. Bwana harusi mtarajiwa alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nafungua kifungo cha koti.

Dada hakunigombeza. Alipita karibu yangu akielekea meza ya kamati, na nilimsikia vizuri, "Katibu, lile daftari lipo? Mwandikie mjomba laki tatu."

Nikaenda kuokota vipande. Meku alishanitangulia. Alikuwa amechuchumaa na suti yake, miwani imeshuka puani, ameshika nusu ya mguu na kuinamisha pale ulipokatikia apate mwanga. Mle ndani, ambamo sikuwa nimepaona, mistari ilikuwa imezunguka duara ndani ya duara, myeusi tii.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kumbe huku ndani ndiko ilikooza vizuri."

"Ndiyo, Meku."

"Basi ulinipunja."