Tulitaka bustani tukapata sakafu

Nyie mliokulia Dar na ile michanga yenu mkija Dodoma msijifanye mnajua kulima. Naongea hivi kwa sababu nimeolewa na mmoja wenu. Baba Watoto ofisi yao ilivyohamishiwa huku tukapata kiwanja Nkuhungu, bei nzuri mpaka akawa anacheka peke yake, ila hakuna aliyemwambia kwamba upande ule tuliopata ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza simu na mvua ikija unavimba unajifunga, maji hayapiti, yanakaa juu hapo yanakuangalia.

Baba Watoto akasema hilo dogo, udongo mgumu dawa yake mchanga. Akaagiza lori, tripu nzima ya mchanga wa korongoni, akaita vijana wakachanganya kwa majembe wakamwagia na maji ili "ushikane". Jamani ulishikana! Jua la Oktoba mnalijua lilivyo huku, siku naingia na jembe nipande mchicha wangu jembe likadunda likanirudia, nusura litoke na jino. Bibi jirani yetu, Mgogo wa pale pale, akapita, mbukwenyi mbukwenyi, ndiyo salamu yao, akaingia akakanyagakanyaga pale kwa kisigino, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mnajenga tembe? Mbona sakafu imetangulia nguzo?"

Nilicheka nikakaa chini. Baba Watoto hakucheka.

Na bibi alisema kweli tupu, maana mfinyanzi ukiutia mchanga kiduchu zile chembe zake ndogondogo zinajaa katikati ya mchanga, hewa inakosa pa kupita, jua likipiga unapata tofali. Ili ubadilike inabidi mchanga uzidi nusu ya udongo wote, sasa hizo ni tripu ngapi, si heri ukanunue kiwanja kingine.

Bibi akatupa elimu ya bure. Udongo wa mbuga una siku zake, chukua konzi ukamue, ukinata mkononi uache, ukiwa jiwe uache, ukimomonyoka ndio uchimbe. Baba Watoto akaitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi, ile ya mtu ambaye hajasikia kitu.

Desemba mvua ya kwanza hiyo, imenyesha usiku kucha. Asubuhi mwenzangu kabeba trei la miche ya nyanya, kavaa gambuti mpya alizonunua Majengo, anasema leo umelainika napanda fasta kabla sijaenda kazini. Akaingia moja kwa moja mpaka katikati. Mimi namuona kwa dirishani kila hatua tope linajibandika chini ya buti, anazidi kuwa mrefu, mrefu, halafu ghafla akaanza kuwa mfupi. Akasimama. "Mama Watoto! Nimenasa!" Nikajua utani, nikamalizia kumimina chai.

Kutoka nje namkuta tope limefika katikati ya muundi. Akivuta mguu wa kulia wa kushoto unazama, akivuta wa kushoto wa kulia unakwenda. Watoto wanarekodi, bodaboda wake anapiga honi getini, na hapo hapo simu ikaita, bosi wake. Kapokea! Na sauti ya ofisini kabisa, "Ndiyo mkuu, niko njiani." Njiani wapi baba wewe, hata kugeuka huwezi.

Nikaleta ubao nimtupie akanyage. Nikateleza, nikaenda na ubao, trei alikuwa kaliweka pembeni nikalikalia. Nyanya zikaisha hapo.

Bibi alisikia kelele akaja na fimbo yake, akatutazama wote wawili, akasema, "Baba, toa miguu, viatu viache." Baba Watoto eti mpya hizi! Kabishana na bibi mtu mzima huku anazama. Mwisho bodaboda akamshika kwapani, mimi nimeshika bodaboda, tukavuta, akachomoka na soksi moja. Nyingine ilibaki humo na gambuti. Kazini alifika na tope sikioni, na sikumwambia.

Siku hizi tunafuata ya bibi. Alitupa samadi ya mbuzi ya zizini kwake, ile kuukuu iliyooza, si mbichi maana mbichi inaunguza miche, tukachanganya na mabua ya mtama, tukainua matuta maji yapite pembeni, na juu ya tuta hakanyagi mtu hata awe mwenye nyumba, ukikanyaga unaukandamiza tena. Haiendi haraka, mtu akikwambia mbuga inalainika msimu mmoja anakuuzia kitu. Ila mchicha tunachuma, mlenda nao upo, minyoo ya udongoni nimeanza kuiona. Nyanya bado zinanuna.

Gambuti tulipanga kuzitoa mvua ikikata kidogo. Februari jua likarudi, udongo ukazishika, nimepiga sururu nikatoka na kipande cha juu cha buti moja tu, nikaacha. Juzi kaja mgeni kauliza mbona pale kuna mabuti yamechimbiwa ardhini, Baba Watoto bila hata kupepesa macho akamjibu, "Hizo ni bikoni za kiwanja."