Siku Mbwa Mfupi Aliponitangaza Maiti

Mbwa aliyefunzwa kutafuta mnyama aliyejeruhiwa, akifika pahala akasimama, akainua kichwa na kubweka bila kuondoka, maana yake ni moja tu: mnyama yuko hapa, ameshakufa, njooni mumchukue. Si kila mbwa anaiweza kazi hiyo. Wajerumani wameiwekea mitihani, na mbwa anayefaulu huandikiwa kwenye cheti chake. Mimi nimebwekewa hivyo nikiwa mzima wa afya, juu ya ngazi, na chupa ya chai mkononi.

Nilikuwa nasomea misitu Göttingen. Vyumba vya mjini vilinishinda bei, nikaenda kupanga kijijini, kwenye vilima vya Solling, kwa mzee mmoja mstaafu na mkewe. Nyumba safi, watu wema, kodi nafuu. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa na miguu mifupi, mwili mrefu na ndevu. Jina lake Waldi. Hilo kwa Wajerumani ni jina kubwa: Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972 ilikuwa na kikaragosi cha mbwa wa aina hiyohiyo, Waldi, kikaragosi rasmi cha kwanza katika historia ya Olimpiki, na njia ya marathoni ikachorwa kwa umbo lake. Yaani wanaume wazima walitoka nchi zao kuja kukimbia kilomita 42 kuzunguka mchoro wa mbwa.

Sasa mimi mtoto wa Tanga. Nimesomeshwa chuoni na Maalim aliyekuwa na fimbo mbili, ya Kurani na ya adabu, na kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo tangu nihamie pale niliweka ndoo ya udongo mkavu, uliochekechwa, nyuma ya mlango wa bafu. Mama mwenye nyumba hakuwahi kuniuliza. Nadhani aliona ndivyo walivyo wanafunzi wa misitu.

Mwishoni mwa Septemba mzee alipata mgeni kutoka mjini, bwana mwenye kofia mpya na bunduki mpya zaidi. Jioni wakaenda kuwinda paa. Paa wa kule ni mdogo, akizidi sana kilo 30, lakini ana mbio. Giza linaingia tukasikia mlio mmoja. Baadaye mzee akarudi amenuna, mgeni nyuma yake anatazama viatu vyake.

Paa alikuwa amepigwa akaruka, akaingia msituni. Mzee alinionyesha mezani alichookota pale paa aliposimama, amekifunga kwenye karatasi: unywele mweupe mfupi na jani la mwaloni lenye tone jeusi. Akaliweka chini ya taa, akaligeuza kwa ncha ya kisu. Ndani ya damu kulikuwa na punje za kijani, nyasi zilizotafunwa.

"Tumbo," akasema, na mgeni akazidi kutazama viatu.

Damu ikiwa nyepesi, nyekundu, yenye mapovu, hayo ni mapafu, na mnyama hafiki mbali. Damu nzito ya giza ni ini. Yenye nyasi ni tumbo, na wa tumbo hafuatwi usiku. Ukimfuata mbio anaamka na kuhamia wilaya nyingine. Ukimwachia, hulala karibu na haamki tena. Mgeni alitaka warudi na tochi. Mzee akamwambia akalale. Kumwacha mnyama na maumivu bila kumtafuta, kwa wawindaji wa pale, ni aibu ambayo kijiji hakiisahau. Lakini kumtafuta vibaya ni aibu hiyohiyo na ujinga juu yake.

Akapiga simu kwa mwenye mbwa mzoefu, yule anayeitwa kesi zikiwa ngumu. Akajibiwa kwamba ameshaahidi kijiji kingine alfajiri, atakuja akimaliza. Mzee akamtazama Waldi aliyekuwa amelala chali chini ya jiko.

"Basi tutaanza na huyu," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe uje. Huko chuoni hawakufundishi haya."

Asubuhi ukungu, umande umejaa. Natoka na raba zangu nyeupe, mama mwenye nyumba akanizuia mlangoni, akakimbilia bandani na kurudi na gambuti za kijani. "Vaa hizi, mwanangu, utaumwa mapafu." Zikanienea sawasawa. Soli zake zilikuwa na tundu za skrubu, na zilikuwa na harufu, lakini banda zima lina harufu, nani angechagua? Nikashukuru, nikapewa na chupa ya chai nibebe.

Msafara ukapangwa hivi. Mbele Waldi, amevikwa ukosi mpana wa ngozi na kamba ya mita 10 inayoburuzika nyuma yake. Kamba kaishika mzee. Nyuma ya mzee, mgeni na bunduki. Nyuma ya wote, mimi na chai, kwa kuwa mtu asiye na kazi hatakiwi kukanyaga njia ya damu na kuisambaza msitu mzima kwa viatu.

Waldi akawekwa pale kwenye alama. Akanusa, akanusa tena, akaingia kichakani upande uleule ambao mgeni alisema paa aliruka. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha. Tukaenda hatua kadhaa. Halafu upepo ukageuka, ukatupiga mgongoni.

Waldi akasimama. Akainua pua. Akageuka, akampita mzee, akampita mgeni, akaja mpaka kwangu na pua chini, mkia unapiga majani. Nikarudi nyuma nikijikunyata, maana pua ile ilikuwa inang'aa kwa unyevu na mimi nilishaanza kuhesabu hadi saba.

"Usimguse!" mzee akaninong'oneza, wala hakuinua macho. "Paa amerudi juu ya nyayo zake. Aliyejeruhiwa hufanya hivyo kuwapoteza maadui. Sogea pembeni, unakanyaga njia."

Nikasogea pembeni. Waldi akaja pembeni.

"Kaacha njia ya zamani," mzee akasema.

Nikasogea upande wa pili, nikazunguka msonobari mmoja mnene ili niwe nyuma yao tena. Waldi akazunguka msonobari uleule, kona kwa kona, kamba ikajizungusha kwenye shina, mzee akazunguka nayo. "Anazunguka!" akamwambia mgeni kwa sauti ya mtu anayeona jambo la kitaalamu. "Paa wa ajabu huyu, anazunguka miti!"

Watu wa kazi hii wana kanuni moja kubwa kuliko zote: mwamini mbwa. Mbwa ana pua, wewe una rai tu. Mzee aliishika kanuni hiyo sawasawa, na hilo ndilo lililoniponza. Asingekuwa mwaminifu kiasi kile angeinua macho akaniona.

Kwa vile kila nikisimama pua inakuja, sikusimama tena. Nikaingia kwenye misonobari michanga iliyosongamana. Waldi akapiga kelele za raha, kamba ikakaza, na nikamsikia mzee akivutwa kwenye miiba huku anatukana kwa adabu. Nikaongeza mwendo. Matawi yakavunjika.

"Yuko mbele!" mzee akapaza sauti. "Namsikia! Yuko hai!"

Na sauti ya mgeni: "Niiandae bunduki?"

Lahaula. Nikafungua mdomo kuwajulisha kwamba mnayemfuata ni mimi, lakini sentensi za namna hiyo kwa Kijerumani kitenzi hukaa mwisho kabisa, na pumzi yangu haikufika huko. Nilichotoa ni mlio. Sijui ulifanana na nini. Mgeni aliniambia baadaye kwamba alikuwa na hakika ni paa.

Mbele yangu nikaona dungu la wawindaji, ngazi ya mbao na kibanda juu. Nilipanda pasipo kuulizwa, chupa ya chai kwapani. Waldi akatokea kichakani, akafika chini, akaweka miguu ya mbele kwenye kidato cha kwanza, miguu isiyoweza kufika cha pili hata siku ya kiama. Akanitazama. Akashuka. Akasimama wima, akainua kidevu chake chenye ndevu, akaanza: bwe, bwe, bwe, bwe, sauti moja, bila pupa, bila kusogea. Ananitangaza.

Mzee akatoka kwenye misonobari, kofia hana, uso umechorwa miiba kuanzia paji hadi kidevu. Akasikia. Akasimama palepale na mkono kifuani. Tangu Waldi akiwa mtoto alikuwa anamfundisha mbweko ule, na Waldi hajawahi kuutoa hata mara moja. Alikuwa akifika kwa mnyama anakaa, anajilamba. Mzee akapiga magoti kwenye matope, akamkumbatia. Macho yalikuwa yamelowa, wallahi.

Ndipo akatafuta paa. Akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akainua macho taratibu, kidato kwa kidato, mpaka zilipokuwa gambuti zangu.

"Nani kakupa hizo?"

"Mama."

Mgeni, kwa heshima yake, aliweka bunduki chini kabla ya kuanza kucheka.

Mafunzo yenyewe huenda hivi. Mzee hufunga kwenye soli za gambuti zile vyuma viwili, kila kimoja na ukwato halisi wa paa, kwa zile skrubu nilizoona tundu zake. Anatembea mita 1,000 msituni, akikata kona na kudondosha robo lita ya damu, tone hapa tone kule. Njia inaachwa ilale. Kwenye mtihani mgumu hulala saa 40, inyeshe isinyeshe. Halafu mbwa anaifuata, na mwisho wake anakuta zawadi. Watu hudhani mbwa anafuata damu. Damu ni kachumbari tu. Katikati ya kwato za paa kuna tezi zinazoacha harufu kila anapokanyaga, na hiyo ndiyo mbwa huisoma hata pale ambapo damu imekauka au haipo. Gambuti nilizovaa zilikuwa zimeilamba harufu hiyo tangu Waldi akiwa mtoto.

Na zawadi ya Waldi, siku zote, ilikuwa kipande cha ini. Kwa hiyo alichoona anakikimbiza asubuhi ile ni ini lenye urefu wa futi sita linalokunywa chai.

Mwenye mbwa mzoefu akaja jua limeshapanda: mwanamke wa makamo, suruali ya kuzuia miiba, na mbwa mwekundu wa Hannover mwenye masikio marefu. Chama cha wafugaji wa aina hiyo kipo tangu 1894, na ukimwona mbwa mwenyewe unajua kwamba naye anajua. Hakubweka wala kutikisa mkia. Mwanamke akanusa hewa, akanitazama miguu, akaniambia nivue gambuti na niende nikasimame upande ambao upepo unaelekea. Mimi nikasimama na soksi juu ya mfuko wa plastiki, Waldi amefungiwa garini akiimba.

Kutoka pale niliona kazi inayofanywa na mwenye kazi. Yule mwekundu alipita kwenye vurugu zote tulizoacha, nyayo zangu, za mzee, duara la msonobari, kama mzee wa baraza anayepita kati ya watoto wanaogombana, hakugeuza hata kichwa. Alifika mahali majani yamelala, paa alipopumzika usiku, akaonyesha kwa pua tu. Akaendelea. Muda si mrefu mwanamke akaita. Paa alikuwa chini ya kichaka cha miiba kando ya kijito, amekufa tangu usiku, njia nyoofu kabisa kutoka tulipoanzia.

Wakavua kofia. Mwanamke akavunja vijiti vibichi: kimoja akakiweka mdomoni mwa paa, tonge lake la mwisho, na kingine akampa mgeni achomeke kofiani. Mgeni akakikata, akaomba nusu iwekwe kwenye ukosi wa yule mbwa. Ni desturi yao, na niliipenda, ingawa niliitazama kwa mbali na soksi zimeshalowa. Nyama yenyewe sikula, kwa sababu ninazozijua mimi na Maalim. Mama mwenye nyumba akanikaangia mayai.

Mchana nilijifungia uani na ndoo yangu. Suruali, soksi, miguu; mara saba, na ya kwanza kwa udongo. Mama mwenye nyumba akafungua dirisha, akatazama weee, mwisho akauliza kama hiyo ndiyo dawa ya kuondoa harufu ya paa. Nikaona nikianza kumweleza madhehebu kwa Kijerumani changu tutafika magharibi. Nikamwambia ndiyo. Asubuhi yake nikamkuta mzee uani, anazisugua gambuti kwa udongo wa maua, anazinusa, anazisugua tena.

Baadaye akaja na hoja. Mtihani wa Waldi ulikuwa unakaribia, na siku ya mtihani njia huwekwa na watu wageni, harufu ya bwana wake haipo. Mbwa hana budi azoee nyayo za mtu mwingine. Na Waldi, kwangu, ameonyesha bidii ambayo hajawahi kumwonyesha yeye. Basi kama niko tayari kutembea na gambuti kila Jumamosi, kodi ataipunguza nusu. Nilikubali kabla hajamaliza, kwa sharti kwamba niwe nimeshafika nyumbani mbwa akifunguliwa.

Mama yangu alipopiga simu Ijumaa nikampa habari njema: nimepata kibarua. Akataka kujua kibarua gani. Nikamweleza kwamba navaa viatu vyenye kwato, natembea msituni nikidondosha damu, kisha mbwa anafunguliwa anifuate.

"Na akifika mwisho?"

"Anapewa ini, mama."

Simu ikanyamaza kidogo.

"Ini la nani?"