Hojaji ya Kanada kwa Wanafunzi wa Uturuki: Kazi Isiyostahili Kubezwa

Mwaka 2010 Kirby na wenzake nchini Kanada walichapisha hojaji fupi, kauli 14 tu, ya kupima mwelekeo wa mtu wa kujifunza maisha yote. Mtafiti anayeirekebisha kwa wanavyuo wa Uturuki huulizwa mara moja: kwa nini uazime, ilhali Coşkun na Demirel walitunga ya Kituruki mwaka huohuo, yenye kauli 27? Swali ni la haki. Hojaji iliyotungwa nyumbani inawajua watu wake.

Lakini wanaosema kazi hii ni tafsiri tu wanaikosea sana. Tafsiri ni mwanzo. Mtafsiri mwingine huirudisha kwenye Kiingereza bila kuiona ya asili, tofauti hukaguliwa, wanafunzi huijaza, ndipo hesabu huonyesha kauli ipi imeshika na ipi inayumba. Chukua ile inayouliza kama unapendelea matatizo yenye ufumbuzi mmoja tu. Ukikubali, unapoteza alama. Sasa mpe kijana aliyeingia chuo kwa YKS, mtihani wa taifa wa kuchagua jibu moja kati ya matano. Akikubali, hana hamu ya kujifunza, au anaeleza tu alivyofundishwa kufaulu? Kauli inayoyumba hapo inatufunza jambo kuhusu elimu yenyewe.

Kinachonikera ni jinsi alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kauli za hojaji zinavyopatana, inavyoabudiwa. Ikivuka 0.70, watu wanapumua. Kumbe alfa hupandishwa pia na wingi wa kauli: kauli 14 ambazo uhusiano kati yao ni 0.15 tu kwa wastani hutoa 0.71, kauli tano zenye uhusiano uleule hutoa 0.47. Ubora haujaongezeka hata chembe. Na kwa kuwa kauli zilizogeuzwa kinyume, kama ile ya ufumbuzi mmoja, ndizo huishusha mara nyingi, kishawishi ni kuzifuta. Zikifutwa, aliyeweka alama ya "nakubali" kila mstari bila kusoma anaonekana mwanafunzi bora kuliko wote.

Kwa mhadhiri anayetaka kuwaelewa wanafunzi wake mwenyewe, ya Coşkun na Demirel inatosha. Anayetaka kulinganisha Uturuki na Kanada lazima aazime, athibitishe kwamba kauli zinapima kitu kilekile pande zote mbili, kisha azichapishe zote 14, pamoja na zile zilizomharibia alfa.