Jina la paella ni la Kilatini, lakini msiwafute Waarabu

Kuna hii hoja inarudi kila mara kuhusu paella, ule wali maarufu wa Valencia kule Hispania, kwamba jina limetoka kwenye Kiarabu baqiya, yaani mabaki, eti watumishi wa wafalme wa Kiislamu waliotawala kule zamani walikuwa wanakusanya vyakula vilivyobaki karamuni wanaenda kula nyumbani. Sisi tunaosema "baki" kila siku inatuingia haraka sana. Upande wa pili wanasema ni Kilatini, patella, chombo bapa, likapitia Kifaransa cha zamani, paelle, likafika Valencia, na huko mpaka leo paella ni kikaango chenyewe hata kama hakina punje ya wali.

Mi niko na hao wa pili. Q ya Kiarabu ikiingia kule huwa haipotei hivihivi, cheki alquería, nyumba ya shamba, limetoka al-qarya na ile k inasikika mpaka leo, sasa kwenye paella imeenda wapi? Halafu chakula chenyewe hakifanani na mabaki ya ikulu. Ni mlo wa mchana wa wakulima wa kandokando ya ziwa Albufera, kuku, sungura, maharage mabichi, nyanya, saa nyingine konokono, kinapikwa kwa kuni za mchungwa na watu wanakula humohumo kikaangoni kwa vijiko vya mbao, ukoko wa chini (wanauita socarrat) ndo unaogombewa. Na nyanya ilitoka Amerika, ikafika wakati wafalme wa Kiislamu hawapo tena, maana Valencia ilishatekwa na mfalme Mkristo Jaume wa Kwanza tangu 1238.

Ila wanaochukua hili la jina wakasema basi Waarabu hawahusiki, hapo nakataa kabisa! Mpunga ulistawishwa kule na Waislamu, arroz, yaani mchele kwa Kihispania, ni ar-ruzz ya Kiarabu, azafrán ni zafarani hii hii ya biriani, hata mifereji ya mashamba, acequia, ni as-saqiya, na mpaka leo baraza la maji linakaa kila Alhamisi adhuhuri mlangoni mwa kanisa kuu la Valencia kuamua kesi za mifereji hiyo. Wakulima Waislamu waliendelea kulima ardhi ile chini ya wafalme Wakristo, baadaye wakalazimishwa kubatizwa, na 1609 wakaanza kufukuzwa. Anayetaka kuwapa haki yao aanzie hapo kwenye maji na mpunga, ushahidi upo wa kutosha, hiyo baqiya haihitajiki.