Kitalu nyumba kifupi, Dodoma hii? Pandisha kwa tofali, usichimbe

Sijui nani aliamua kwamba anayelima nyanya kwenye grinihausi lazima awe mfupi. Hizi ndogo za kufunga mwenyewe zinazouzwa siku hizi, katikati ukisimama kichwa kinagusa nailoni, pembeni ndo unatembea umeinama kama unachuma kunde, na hapo bado hujafunga kamba za nyanya.

Ushauri wa wengi ni chimba, zamisha njia ya katikati matuta yabaki juu. Ni rahisi kweli, sururu na koleo tu hela haikutoki, ila kwa huku kwetu mi sikubali. Mvua ya Dodoma ni milimita 500 na kitu kwa mwaka, lakini karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili tena kwa fujo, ikipiga nusu saa tu hiyo njia yako imeshakuwa mtaro, na kama uko kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ndo usiseme, utashinda kwenye tope na gambuti.

Mi nasema pandisha. Kozi mbili, yaani mistari miwili, ya tofali za inchi 6 (hiyo ni unene, kimo chake ni inchi 9), zisimamishwe juu ya msingi mdogo, unapata karibu nusu mita. Na siyo mgongo tu unapona jamani! Hewa ya moto inapanda juu, sasa paa likiwa chini joto lote la Oktoba linakaa hapohapo kwenye maua ya nyanya, na likizidi sana maua yanapukutika hata umwagilie vipi. Kwa hiyo juu weka dirisha la neti, na ukuta wenyewe usizibe kote, mwambie fundi aache matundu ya hewa ayafunge neti, la sivyo hewa ya kuisukuma ile ya moto itoke itaingilia wapi?

Ila kuna upepo. Huu wetu wa kiangazi mnaujua, na ukipandisha banda umeupa pa kupiga zaidi, hivyo fremu isikalishwe tu juu ya tofali eti uzito utaishika. Kila kona imwagwe zege, nondo zianzie kwenye msingi, fremu ikazwe na bolti.

Mlangoni tofali zisipite, uwazi ushuke mpaka chini na kipande cha mlango kinachopungua ukiongezee kwa mbao na nailoni, maana toroli la mbolea haliruki ukuta.